Kwako Baba Nakijwa, Kuhusu Moshi wa Gari

Baba Nakijwa,

Shikamoo huko uliko. Nimekaa jikoni, moto umebaki makaa, watoto wa jirani wamekwisha ondoka na sufuria yao. Uvumilie mwandiko. Unajua shule yangu ni hiki kisomo cha watu wazima tu, na herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya kwenda mtoni. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisukuma niende. Ulisema, "Nenda mama, siku moja nitalala safarini, utaniandikia." Basi umelala safarini, na mimi ninaandika.

Sitazunguka. Nina hofu, mume wangu. Nataka kukuuliza jambo moja, na kama una njia yoyote ya kunijibu, hata kwa ndoto, nijibu upesi. Ni wewe unayewabana watu pumzi ndani ya gari?

Usikasirike. Si mimi niliyelianzisha neno hili. Nitakueleza lilivyokuja.

Tulipokuzika, Landrova ya kijiji ilikaa chini ya ule upenu wa bati pale ofisini, hakuna aliyeigusa. Halmashauri ya kijiji ikakaa, ikasema gari haliwezi kukaa bure huku maharage ya watu yanaoza, basi aendeshe Mbonea, kwa kuwa ni mwanao na wewe ulimfundisha. Nilifurahi. Nililia pia, lakini nilifurahi. Siku ya kwanza kumwona mwanangu amekaa mahali pako, mkono nje ya dirisha kama wewe, nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuni.

Halafu bomba la moshi likaanguka. Si unakumbuka lilivyokuwa, umelifunga waya hapa na pale? Liligonga jiwe kwenye lile korongo, likabaki njiani. Mbonea akazunguka Same nzima kutafuta jingine. Hakuna. Akapanda mpaka Moshi. Hakuna. Siku hizi kila kitu ukiuliza unaambiwa hakuna, kesho, bado. Mwishowe fundi mmoja pale Same, Fundi Kondo, mtu wa pwani aliyekuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akamtengenezea kwa bomba la chuma alilolipata anakojua mwenyewe. Akalikata, akalikunja, akalichomelea, akalifunga. Liliporudi huku juu lilinguruma mpaka mbuzi wakakata kamba. Mbonea anacheka, anasema, "Mama, sasa ni lori!"

Kucheka hakukudumu.

Safari ile ya pili tu, watu walianza kusema wamesikia harufu. Harufu gani? Ya mbuzi anayebabuliwa. Nywele na ngozi kwenye moto. Wakatazamana, kila mtu akachungulia kikapu cha mwenzake, hakuna aliyebeba nyama. Wakafika Same vichwa vinagonga. Mama Eliapenda wa kwaya alikuwa amekaa nyuma kabisa, akashushwa kama gunia. Alisinzia akawa haamki. Walimlaza kwenye majani ndipo akafumbua macho, akauliza kama ni Jumapili. Na wiki iliyofuata vilevile. Harufu ilikwisha, lakini kuumwa hakukwisha. Mbonea mwenyewe alisimama njiani akatapika, akaniambia ni kiporo. Mimi ndiye niliyempa kile kiporo, Baba Nakijwa, na kilikuwa kizima.

Watu walidhani ni baridi ya huku juu inawaingia tumboni. Basi wakawa wanafunga. Turubai linashushwa mpaka chini, linafungwa kamba, madirisha yanapandishwa, na anayelalamika kichwa anafunikwa blanketi gubigubi. Wanazidi kuumwa.

Ndipo shemeji Elieza alipofungua mdomo. Mdogo wako huyu najua unampenda, na mimi nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango. Alisema mbele ya watu, kwenye msaragambo, kijiji kizima tunachimba mfereji pamoja, ambako kila neno linafika kila nyumba kabla majembe hayajarudi. Alisema, "Kaka alikufa kwa kukosa pumzi. Sasa anawanyima wenzake pumzi. Gari lake limetolewa bila kumwambia. Na hiyo harufu mnaiuliza ya nini? Anaomba mbuzi wake!"

Wengine walicheka. Lakini walicheka huku wanatazama chini.

Mimi nilibaki nimesimama na jembe. Maana ni kweli kifua kilikuchukua. Nilikuwepo. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwako, nasikia pumzi inavyotafuta njia haipati. Elieza alipotamka hayo, niliisikia tena ile pumzi. Na toka siku hiyo, nikipita ofisini nikaliona gari, nazunguka kwa nyuma, kwenye migomba. Ndiyo. Gari lako. Mimi, ambaye ulikuwa ukipiga honi kwenye kona ya mwisho ili nianze kupakua makande, sasa nalipita kwa kujificha.

Tungeweza kuliacha tu, watu wakashuka kwa miguu kama zamani. Lakini ni Nakijwa, binti yetu. Mimba yake imefika. Mkunga wa zahanati amempapasa tumbo mara mbili, akanivuta pembeni, akasema mtoto amelala kwa ubavu, hageuki, na mwanamke huyu asizalie huku. Apelekwe hospitali Same kabla uchungu haujaanza. Kwa gari. Kwa miguu mteremko wote ule hawezi, kwa machela ni hatari, mume wake Samweli yuko kwenye mkonge huko chini na barua tuliyompelekea haijajibiwa. Gari ni hilo moja.

Elieza anasema mtu wa nyumba hii asipande mpaka mbuzi achinjwe na maneno yasemwe. Mzee wa kanisa anasema tukichinja tutakuwa tumerudi gizani. Kila mmoja ananishika mkono mmoja ananivuta. Na mimi najiuliza kitu kingine kabisa. Kama watu wazima wenye nguvu wanashushwa kama magunia, huyu mwenye pumzi mbili ndani yake atashushwaje? Nikimwacha hapa, namwua. Nikimpandisha, namwua. Sijalala vizuri. Chakula nakiangalia tu.

Basi kama ni wewe, nakuomba. Huyu ni Nakijwa. Ndiye ulikuwa ukimkalisha mapajani ukamshikisha usukani, gari limezimwa, yeye anapiga kelele za injini kwa mdomo mpaka mate yanamtoka. Kama una neno na kijiji, sema na kijiji. Huyu mwache.

Nakumbuka ulivyokuwa asubuhi. Watu hawajui jinsi ulivyokuwa asubuhi. Ulikuwa unaliwasha gari na kikombe cha chai mkononi, halafu huingii ndani. Unainama tu, sikio chini, unanipigia kelele, "Mama Nakijwa, acha kutwanga kidogo!" Nasimamisha mchi hewani kama mjinga. Nikakuuliza siku moja unasikiliza nini kwenye kelele hizo, ukasema, "Lina baridi sasa. Likiwa na baridi linasema kila kinachovuja. Chuma kikishapata moto kinavimba, kinaziba, linajifanya zima."

Ngoja.

Baba Nakijwa, ngoja kwanza. Mbonea hulisikiliza akifika Same, limeshachemka. Wote wanalisikiliza limeshachemka.

Naweka kalamu. Nakwenda kumwambia Mbonea.

*

Nimerudi. Sasa ni mchana, mikono yangu bado ni myeusi na karatasi itachafuka, nisamehe.

Alfajiri tulikwenda ofisini mimi na Mbonea, ukungu umekaa chini mpaka huoni miguu yako. Nilimwambia asiliguse mpaka nyumba za karibu ziache kutwanga. Nilipita mlango kwa mlango nikiwaomba, wakaniangalia kama nimepungukiwa. Mmoja akauliza, "Mama Nakijwa, mnasali na gari sasa?" Nikamwambia ndiyo, tunasali, nyamaza.

Akaliwasha. Tukainama. Na nikasikia, mume wangu. Chini ya mngurumo, chini ya viti vya nyuma, kitu kinapiga tik tik tik tik, kidogo, upesi, kama kuku anadonoa bati. Mbonea akasema ni valvu. Nikamwambia valvu ziko mbele, hata mimi najua, na hiki kiko huku. Tulipoendelea kusikiliza, injini ikapata moto, na ile sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha. Likajifanya zima.

Mbonea akalizima, tukasubiri lipoe, akaenda kuweka mawe kwenye magurudumu. Kisha akasema anahitaji sabuni. Unajua sabuni ilivyo siku hizi? Nina kipande kimoja nilichokificha kwa ajili ya kumwogesha mtoto wa Nakijwa. Nilikwenda kukichukua. Sikufikiri mara mbili, nakuambia kweli, nilikikwangua chote kwenye kopo la maji, nikakivuruga mpaka povu likasimama.

Tukaliwasha tena. Mimi nikashika gunia lililolowa, nikaliminya kwenye mdomo wa bomba kule nyuma ili moshi utafute pengine pa kutokea, joto lake unanipiga mikononi, nageuza uso pembeni kama Mbonea alivyonionya. Injini ikaanza kulalamika. Yeye yuko chini, amelala chali, anapaka povu kila mahali bomba lilipoungwa, kwa manyoya ya kuku. Kwenye uungo wa kwanza kimya. Kwenye uungo wa pili, pale bomba jipya linapokutana na la zamani, nikamsikia anaita, "Mama! Mama njoo uone!" Nikaachia gunia, nikapiga magoti kwenye matope. Povu lilikuwa linavimba na kupasuka, linavimba na kupasuka, mapovu makubwa kama uji unaochemka. Na juu yake tu ni sakafu ya gari, ile iliyoliwa na kutu, yenye matundu ambayo ulisema utayaziba ukipata bati.

Pale pale juu ya matundu ndipo alipokuwa akikaa Mama Eliapenda.

Sasa sikiliza kilichotoka. Mbonea alifungua boliti, akalitenganisha bomba, akachomoa kitu. Akakishika, akakigeuza. Kilikuwa kipande cha ngozi. Kimeungua nusu, kimejikunja, kimekuwa kigumu kama ganda. Na pembeni kumebaki nywele. Nyeupe na kahawia.

Niliijua ngozi ile. Ni ya yule mbuzi tuliyemchinja siku ya kumaliza tanga lako.

Nilikaa chini, Baba Nakijwa. Nilisema moyoni, basi ni yeye kweli. Elieza alisema anaomba mbuzi, na huyu hapa mbuzi, kwenye tumbo la gari. Mbonea ananiita, mimi sisikii, naona nywele zile tu.

Mwanao akanishika mabega akanieleza. Fundi Kondo alikuwa amekosa gasketi, ile ya kuweka katikati ya vyuma viwili moshi usitoke. Akamwuliza Mbonea kama nyumbani kuna ngozi kavu nzuri. Mbonea akamchukulia ile iliyokuwa imewambwa ukutani, akijua tunayo bure tu. Fundi akaikata duara vizuri, akaiboa matundu ya boliti, akaikaza. Maana miaka yake yote kule kwenye mkonge alikuwa akitengeneza pampu za maji, na huko ngozi ndiyo inayowekwa, inaloa, inavimba, haivuji hata tone. Akaleta ya maji kwenye moto. Safari za mwanzo ikababuka, ndiyo harufu ile. Ilipokwisha kuungua, harufu ikaisha, moshi ukabaki na njia yake wazi. Na sisi juu tukafunga turubai, tukafunga madirisha, tukawafunika watu mablanketi humo ndani.

Elieza alikuja amesikia kelele, majirani nyuma yake. Akaitazama ngozi, akaitazama tena, akapiga makofi. "Si niliwaambia ni mbuzi?"

Watu wote wakacheka mpaka wakashikana. Mbonea alicheka mpaka akalala tena kwenye matope. Mimi nilitaka kucheka, mdomo ukafunguka, kikatoka kilio. Elieza akaacha kucheka, akachuchumaa karibu yangu. Akasema polepole, "Shemeji, mimi na mdomo wangu." Akaniinua.

Mbonea ameshuka Same peke yake, turubai limevuliwa kabisa, madirisha wazi, amejifunga shuka. Nimemwambia akisikia usingizi hata kidogo asimame. Sina amani mpaka nimwone.

*

Ameshuka na kupanda salama, na amekuja na Fundi Kondo mwenyewe. Mzee wa watu, ana mvi, alikuja kwa aibu, anasalimia kila mtu hata watoto. Aliniambia, "Mama, nimekosa. Mkono wangu umezoea maji." Safari hii amekata gasketi kwenye bati la shaba nyekundu, akalichoma, akaligonga, akalichoma tena mpaka likawa laini linakaa linavyotakiwa. Na bomba ameliongeza mpaka nyuma kabisa, lisimwage moshi chini ya tumbo. Matundu ya sakafu wameyaziba kwa bati la debe. Tumepaka tena povu lile lililobaki, kila uungo. Halikuvimba. Asubuhi yake nimesikiliza likiwa na baridi, watu wakaacha kutwanga bila hata kuombwa. Hakuna tik.

Lakini nilimwuliza fundi, kama moshi upo lakini harufu haipo, nitaujuaje? Akaacha kufuta mikono. Akasema, "Huo ndio mbaya, mama. Hauonekani, hauchomi macho. Mtu anasikia kichwa kizito, halafu anapata usingizi mtamu. Akiuachia ule usingizi, basi."

Usingizi mtamu. Nilitamani asingesema.

Basi nikafanya kitu ambacho kijiji kizima sasa wananitania. Nilimtia yule tetea wangu mwekundu kwenye tenga, nikamweka ndani ya gari, juu ya uungo, turubai nikalifunga, nikamwambia Mbonea aliwashe aliache lingurume mpaka chai ichemke jikoni. Elieza akasema, "Shemeji, huyo naye anakwenda hospitali?" Cheka ukitaka. Nilisimama pale nimeshika khanga mdomoni. Tulipofungua, kuku alitoka ananisemea maneno, amekasirika, akaenda kudonoa mahindi ya ofisi kama hakuna kilichotokea. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga nao. Lakini kuku si mwanangu. Nilirudi nyumbani hofu ikanifuata nyuma, ikaingia na mimi ndani.

*

Ni asubuhi. Naandika haraka, nimesimama, karatasi iko juu ya kifuniko cha pipa. Nakijwa ameanza kusikia mgongo. Anasema si uchungu, ni mgongo tu, lakini nimezaa, naijua ile sura. Tunakwenda sasa.

Mbonea ameshapasha injini. Turubai liko wazi nyuma na mbele, upepo utapita, baridi itatung'ata, tumebeba mablanketi yote na hakuna kichwa kitakachofunikwa. Elieza amekuja na koti lake zito. Hakuitwa. Ameingia nyuma, amelishika turubai kwa mikono miwili lisidondoke, anasema, "Nitakufa na baridi mimi, lakini hili halishuki." Mzee wa kanisa ameomba. Elieza naye amenong'ona kitu chake pembeni, nimemwona, nimegeuza uso. Mbuzi hakuchinjwa. Elieza mwenyewe amesema tutamla mbuzi huyo siku mtoto atakapoletwa nyumbani, na tutamla kwa furaha, asiwe anaombwa na mtu.

Baba Nakijwa, kuna jambo nataka ulisikie kabla sijafunga. Kilichoniumiza si moshi. Nilikuogopa wewe. Umelala nami miaka yote, nimekulisha kwa mkono wangu mwisho kabisa, na bado walipotaja jina lako nikatetemeka, nikapita kwenye migomba. Hukuwa wewe. Labda hata uliniambia nikasikia, maana nilipokukumbuka tu vizuri, ulivyokuwa asubuhi na kikombe chako, ndipo nilipojua la kufanya. Sijui kama huko ndiko kujibiwa. Kwangu inatosha.

Bado naogopa. Njia ni ile ile, chuma ni cha kuunga, mtoto amelala kwa ubavu, na Same iko mbali. Lakini hofu hii ni ya barabara na ya hospitali, naweza kuibeba. Ile nyingine nimeiacha hapa.

Sasa ahadi yangu. Nitakaa naye pale pale juu ya uungo, kichwa chake begani kwangu. Nitamsemesha toka hapa mpaka mlango wa hospitali. Nitamwuliza majina ya wajomba zake, nitamwuliza alivyokutana na Samweli, nitamwudhi, nitamwimbia, nitamfinya ikibidi. Akisema mama niache nisinzie kidogo, sitamwacha.

Ananiita. Kwaheri, mume wangu. Wewe lala, umefanya kazi yako. Yeye sitamwacha alale.

Ni mimi,
Mama Nakijwa
Mhezi